Kipimo na Umbali: Mfarishi wa UKIMWI na Matumbawe ya Baden-Baden

Kazi ya sanaa iliyofanywa na watu wengi wasioonana imewatia wahakiki mashaka tangu zamani. Husemwa kwamba sanaa ni tunda la nia moja, na kwamba mahali palipo nia elfu pana soko, si kazi. Shutuma hiyo ina nguvu, wala haifai kupuuzwa, maana vitu vingi vikusanywavyo kwa jina la umoja ni lundo tu la vitu. Lakini maradhi makuu mawili ya zama hizi, UKIMWI na UVIKO-19, yameacha nyuma yake kazi za nguo na nyuzi zilizofanywa na mikono iliyo mbalimbali, ambazo hazikubali kuitwa lundo. Mbili kati ya hizo zastahili kupimwa pamoja. Ya kwanza ni mfarishi mkubwa wa ukumbusho ulioanza kushonwa San Francisco, Marekani, mwaka 1987. Ya pili ni mwamba wa matumbawe ya nyuzi, yaliyofumwa kwa sindano ya kroshia, yakakusanywa Baden-Baden, Ujerumani, na kuonyeshwa mwaka 2022. Swali la kuuliza juu yake ni moja: ni kitu gani kiungacho mkono na mkono mwingine usioujua, na je, kiungo hicho chaweza kubeba msiba?

Asili ya mfarishi yajulikana. Watu wa San Francisco walikuwa na desturi ya kuandamana kwa mishumaa kila mwezi wa Novemba kuwakumbuka Harvey Milk na meya George Moscone, waliouawa mwaka 1978. Mwaka 1985 Cleve Jones, mmoja wa waandaaji wa maandamano hayo, alipata habari kwamba waliokufa kwa UKIMWI katika mji huo wamepita 1,000. Akawataka waandamanaji waandike majina ya wafu wao juu ya makaratasi, nao wakayabandika juu ya ukuta wa jengo la serikali. Ukuta ule, ulipojaa, ulimkumbusha mfarishi wa viraka.

Neno hilo lahitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa pwani, ambako joto halidai mfarishi. Katika nchi ile mfarishi wa viraka ni kazi ya nyumbani, ya mabibi na mama, ishonwayo kwa masalio ya nguo kuukuu ili mtoto asipatwe na baridi usiku. Ni kitu cha kitandani, hurithiwa, hunuka nyumbani. Sasa, wengi wa wale waliokufa katika miaka ile ya kwanza walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao, au walikuwa wamehama wenyewe kabla ya kufukuzwa, kwa sababu ya mapenzi yao. Na wengine hawakupata hata mtu wa kuwazika kwa heshima. Kuchagua mfarishi, badala ya nguzo ya mawe au sanamu ya shaba, kulikuwa ni kumrudisha marehemu kwa bibi yake kwa nguvu. Hilo ndilo tendo la kwanza la ushairi katika kazi hii, nalo lilitangulia sindano.

Tendo la pili ni kipimo. Kila kipande kinatakiwa kiwe na upana wa futi 3 na urefu wa futi 6. Kwa hesabu ya wauza nguo wa zamani hiyo ni mikono miwili kwa mikono minne, yaani nusu pima kwa pima moja. Ni kipimo cha kaburi la mtu mzima. Mshonaji apewa uhuru karibu wote: achague nguo, rangi, maandishi, atie picha au asitie, atumie hariri au gunia. Lakini kwa habari ya ukubwa hana uhuru wowote. Tajiri hawezi kumshonea mwanawe kipande kikubwa kuliko cha mwana wa maskini. Mwimbaji aliyejulikana dunia nzima alala katika futi zile zile alizolala mpishi. Vipande vinane huungwa pamoja kuwa mraba wa futi 12 kila upande, na miraba hiyo ndiyo itandikwayo.

Hapa mwanafunzi wa mashairi ya Kiswahili hana haja ya kufundishwa. Amekwisha kuona jambo hili mahali pengine. Muyaka bin Haji alipokuwa Mombasa akijibizana na washairi wa Lamu, maneno yao yalivuka bahari kabla ya wenyewe kuvuka, na mara nyingi badala ya wenyewe kuvuka. Karne moja baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwakutanisha watu wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na bara ambao hawakuwahi kunywa kahawa pamoja, na wakaulizana na kujibizana kwa beti kama majirani wa ukuta mmoja. Kilichowawezesha hakikuwa urafiki, wala kukubaliana. Aghalabu hawakukubaliana hata kidogo. Kilichowawezesha ni kwamba kila mmoja alijua, kabla hajashika kalamu, kwamba mshororo una mizani kumi na sita, minane kwa minane, na kwamba kina cha kati na cha mwisho vina mahali pake. Mpinzani aliyetunga nje ya mizani hakuhesabiwa kuwa amejibu. Kipimo kilikuwa ndiyo baraza. (Kwamba mfarishi nao wahesabu kwa nane ni sadfa tu, lakini ni sadfa ipendezayo.)

Hata hivyo mlingano huo una mpaka, na mpaka wenyewe ndio wenye mafunzo. Washairi wa malumbano husikilizana. Ubeti wa pili umekwisha kusoma ubeti wa kwanza, ukauchukua mshororo wake wa mwisho, ukaugeuza. Vipande vya mfarishi havikusikilizana. Mama wa kijiji kimoja huko Marekani ya kati alishona peke yake, mezani pake, usiku, asijue kwamba kipande chake kitalala kando ya kingine kilichoshonwa na rafiki wa marehemu huko New York. Wala hakukuwa na nia ya kusikilizana: mfiwa hajibizani na mfiwa mwenzake. Kwa hiyo mazungumzo yaliyomo katika mfarishi si ya washonaji. Ni ya ujirani. Yatokea baada ya posta kufika, mkono wa tatu unapokiweka kipande hiki kando ya kile, na yatokea tena ndani ya macho ya mtazamaji atembeaye kati ya miraba. Mkono huo wa tatu, wa wale waliojitolea kupokea, kukunja upindo, kutia viraka na kuunganisha, haukusifiwa kama ulivyostahili. Kama ni lazima kumtafuta mtunzi wa mfarishi, basi atafutwe hapo kwanza, kama vile mhariri wa ukurasa wa mashairi astahilivyo sehemu ya sifa za ukurasa wake.

Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandikwa Washington, katika uwanja mrefu ulio mbele ya Bunge, na watu kiasi cha nusu milioni walikwenda kuvitazama katika siku hizo mbili tatu. Mwaka uliofuata vilikuwa 8,288. Namna ya kuvitandika ilikuwa ni sehemu ya kazi. Watu waliovaa mavazi meupe waliikunjua miraba kwa utaratibu uliopangwa, bila maneno, na majina ya wafu yakasomwa kwa sauti, moja baada ya moja, na wasomaji waliopokezana. Kwa maneno mengine, kazi iliyoshonwa kimya na watu waliotengana ilimalizikia katika sauti na katika mkusanyiko. Mtu aliyesoma utenzi chumbani, kisha akausikia ukighanwa usiku wa maulidi, ataelewa tofauti iliyoko.

Juu ya majina yafaa kusemwa zaidi. Katika kanga, maandishi yaliyo chini ya mji huitwa jina, ingawa hayamtaji mtu: ni methali, au fumbo, au kijembe, na mwenye kuivaa hujificha nyuma yake akisema asemalo bila ya kushikwa ulimi. Jina la kanga lasema na watu wengi kwa sababu halimtaji yeyote. Mfarishi umekwenda njia ya pili. Umetaja. Na kutaja, katika mwaka 1987, kulikuwa ni jambo la hatari, maana ugonjwa ulikuwa aibu, na jamaa wengi walipenda kusema kwamba marehemu amekufa kwa saratani au kwa homa ya mapafu. Ndiyo maana vipande vingi vina jina la kwanza pekee, au herufi mbili tatu, jina la ukoo likiwa limeachwa. Mtazamaji wa haraka hudhani hilo ni pengo katika kazi. Si pengo. Ni mshororo ulioandikwa na hofu. Na kwa kuwa upande wa pili wapo walioandika jina zima kwa herufi za futi moja, hofu hiyo yasomeka waziwazi kuliko kama ingeelezwa kwa sentensi.

Umo humo kipande cha Roy Cohn, mwanasheria aliyekuwa na nguvu kubwa katika siasa za Marekani, aliyewatesa wengi na kukana ugonjwa wake mpaka alipokufa mwaka 1986. Aliyekishona hakumsamehe. Chini ya jina ameandika maneno matatu tu: mbili za kwanza zamwita mwonevu na mwoga, na la tatu lamwita mhanga. Kipande hiki ndicho jibu bora kwa wale wasemao kwamba mfarishi ni machozi matupu. Maneno mawili ya kwanza yangeweza kuandikwa na adui yeyote gazetini. La tatu lisingeweza kuandikwa ila hapa, kwa kuwa kipimo cha kaburi kilimlazimu adui kumpa adui yake futi 3 kwa futi 6 sawa na wengine, na akiisha kumpa, hakuweza kuishia kwenye matusi. Umbo lilimshika mkono mwandishi. Ni mara chache mhakiki hupata mfano ulio safi hivyo wa nguvu ya kanuni juu ya hasira.

Malalamiko juu ya mfarishi yalikuwako, na yalitoka kwa watu wenye haki ya kulalamika. Wanaharakati kadha wa kadha walisema kwamba kazi hii yawafundisha watu kulia mahali ilipowapasa kupiga kelele. Kwamba serikali iliyochelewa kutenda hupendezwa na raia waliao kwa adabu juu ya nyasi. Hoja hiyo haiwezi kufutwa kwa kutaja ukubwa wa mfarishi wala wingi wa waliouona. Yaliyo kweli ni kwamba mahali ulipotandikwa palikuwa mbele ya Bunge, si makaburini, na kwamba mtu apitaye katikati ya vipande elfu mbili hasemi tena kwamba hakujua. Lakini vile vile ni kweli kwamba nguo hupoza. Vitambaa vyenye maua, wanasesere, suruali za marehemu, pete, hata majivu yaliyoshonewa ndani, vyote huvuta moyo upande wa faraja kabla akili haijauliza maswali yake. Udhaifu huu ni wa kazi yenyewe wala si wa watazamaji.

Udhaifu mwingine ambao watu huutaja, yaani ushonaji mbaya, si udhaifu. Wengi wa washonaji hao hawakuwa wameshika sindano kabla ya msiba. Mishono yao yaenda upande, herufi zimekatwa kwa mkasi usiokata, gundi imetumika mahali pa uzi. Katika Keiskamma Altarpiece, kazi kubwa ya kutarizi iliyomalizika mwaka 2005 katika kijiji cha Hamburg, Afrika Kusini, ambayo nayo yahusu UKIMWI, hali ni tofauti. Pale wanawake wa mahali pamoja walifunzwa, wakafanya kazi pamoja kwa kufuata muundo wa altare ya Isenheim iliyochorwa na Grünewald, na mshono wao waweza kuhukumiwa kwa sheria za ufundi, nao utashinda. Mfarishi hauwezi kuhukumiwa hivyo, kwa maana mshono mbovu ndani yake ni habari: wamweleza mtazamaji nani alibaki kushona. Palipo mshono wa fundi, huenda alikuwako mama. Palipo gundi, huenda walikuwako marafiki tu.

Sasa yaja kazi ya pili, nayo yatoka katika huzuni nyingine kabisa. Margaret na Christine Wertheim, ndugu wawili waliozaliwa Australia, walianza mwaka 2005, wakiwa Los Angeles, kufuma matumbawe kwa kroshia kwa ajili ya miamba ya bahari iliyokuwa ikifa kwa joto. Ufundi wao waegemea ugunduzi wa Daina Taimina, mwanahisabati mwenye asili ya Latvia katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye mwaka 1997 alionyesha kwamba uso wa haiperboliki, ambao wanahisabati walikuwa wakiupata kwa taabu kwa karatasi, waweza kufumwa. Kanuni ni fupi: kila baada ya vitanzi kadhaa, ongeza kitanzi kimoja, wala usiache. Kitambaa hukosa nafasi ya kulala sawasawa. Hujikunja, huinuka, hufanya mawimbi kama jani la saladi au kama tumbawe lenyewe. Anayeongeza upesi hupata kitu kilichojisokota. Anayeongeza polepole hupata kitu chenye madaha.

Jumba la makumbusho la Frieder Burda la Baden-Baden liliwaita watu washiriki wakati UVIKO-19 ilipokuwa imewazuilia mikusanyiko. Watu zaidi ya 4,000 waliitikia, wengi wao wanawake, na matumbawe zaidi ya 40,000 yakaletwa, mengi kwa posta. Kwa wastani ni kumi kwa kila mtu, na yeyote aliyewahi kufuma ajua kumi ni jioni ngapi. Mwezi wa Januari 2022 maonyesho yalifunguliwa, na mwamba ulipoonekana ulikuwa mkubwa, wenye rangi za kustaajabisha, na wenye umoja wa sura ambao mfarishi haukuwahi kuupata wala kuutaka.

Na hapo ndipo shida ilipo. Kanuni ya kroshia ni karimu mno. Haimkatazi mtu kitu. Hapana tumbawe liwezalo kukosea, maana lolote litakalojikunja litafanana na kiumbe fulani cha baharini. Kwa hiyo mikono elfu nne yaingia ndani ya mwamba na kuyeyuka humo, kama matone. Uzuri wake ni wa kweli, na si haki kuuita uzuri wa rahisi. Lakini upweke wa mwaka ule, ambao ndio uliozifuma zile nyuzi, hauonekani mahali popote isipokuwa katika hesabu. Mtazamaji asiyeambiwa hatajua kwamba kila kitu alichokiona kilifumwa na mtu aliyefungiwa ndani. Mfarishi hauhitaji kuambiwa. Waandaaji wenyewe, kwa sifa yao, hawakutaka wafumaji wapotee: ni desturi ya kazi hii kuwaandika washiriki majina yao. Ila majina hayo yako ukutani, na matumbawe yako chini, na hapana uzi uunganishao jina na tumbawe lake. Huku jina la maonyesho likiwa la ndugu wawili. Hilo si kosa la wizi. Ni matokeo ya kipimo kilichochaguliwa, kwa kuwa kanuni iliyotangulia haikuwa na mahali pa kuandika jina.

Yafaa kutaja kwa ufupi jaribio la tatu. Mwaka 2020 msichana wa miaka 13 huko California, kwa kuuiga mfarishi wa 1987, aliwaita watu wamletee vipande vya waliokufa kwa UVIKO-19. Vipande vyake ni miraba midogo, kiasi cha shibiri moja kila upande. Moyo wa jambo hilo ni mwema na majina yamo. Lakini shibiri ni kipimo cha kiganja, si cha mwili. Marehemu amekuwa mdogo. Aweza kushikwa, hawezi kulazwa. Huenda kizazi kilichowaona wafu wake kwa njia ya simu, na kuwazika bila kuwagusa, kilichagua kipimo hicho kwa sababu hiyo hiyo, hata kama hakikujua kwamba kinachagua.

Mfarishi wenyewe umekuwa na safari zake. Mwaka 1996 ulitandikwa wote mjini Washington, nayo ilikuwa mara ya mwisho, maana tangu hapo umekua kupita viwanja. Una vipande kiasi cha 50,000, majina kama 110,000, na uzito wa tani 54. Barua na picha zilizokuja pamoja na vipande zilikabidhiwa kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, na nguo zikarudishwa San Francisco mwaka 2020 baada ya kukaa Atlanta miaka mingi. Mwaka huo huo mji ulifungwa kwa maradhi mapya. Katika ghala zilimohifadhiwa zilikuwamo akiba za vitambaa, zilizobaki katika kazi ya kutengeneza vipande vilivyochakaa. Mmoja wa walinzi wa mfarishi, aliyekuwa nao tangu mwaka wa kwanza, alivitwaa vitambaa vile, akaketi penye cherehani, akashona barakoa kwa mamia, zikagawiwa kwa watu wasiokuwa nazo.